Ndoo Iliyokwenda Matema Ikarudi

Pampu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ngumi. Mteja aliiweka mezani kwangu pale Mwanjelwa, Mbeya, katikati ya kompresa ya friji na feni mbili zinazosubiri wenyewe, akasema haivuti maji. Kazi yangu ni vitu vinavyovuma: mafriji, mota, feni, hata mashine za kunyolea siku nikibanwa. Pampu ya tangi la samaki sikuwahi kuishika. Nikaifungua, nikakuta panga lake limezibwa na utelezi wa kijani, koili nzima kabisa. Nikasugua kwa mswaki, nikarudishia, ikavuma. Elfu tano.

Baada ya miezi kadhaa akarudi na habari nyingine. Anahama mji, tangi hawezi kulibeba, na deni ninalomdai la kutengeneza friji ya dukani kwake bado hajalilipa. Tukatazamana. Jioni ile nikasukuma mkokoteni mpaka nyumbani nikiwa na tangi la kioo, mawe nusu gunia, na samaki tisa ndani ya ndoo. Mke wangu akauliza kama ndiyo pesa ya ada hiyo.

Watano walikuwa wa njano, njano ya ganda la ndizi iliyoiva, na mstari mweusi kwenye pezi la mgongoni kana kwamba mtu kapitisha kalamu. Wanne walikuwa bluu wenye mistari ya kusimama, na hao walikuwa na pua. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Kinyama kimening'inia juu ya mdomo, na mdomo umewekwa chini kabisa, mpana, umenyooka kama mfuko wa shati. Binti yangu aliwaangalia muda mrefu, akasema, "Baba, huyu anafanana na babu akilala."

"Ni wa bahari hawa," mteja alikuwa ameniambia. "Wanatoka Dubai." Nikaamini. Rangi zile zitoke wapi kama si baharini? Sisi wa huku tumekua na usipa wa kukaanga, mbasa wa kuchoma siku ukishuka Kyela, na sato anayefika sokoni amelala kwenye barafu kama mgonjwa. Samaki mwenye rangi tulimwona kwenye kalenda.

Nikawalisha kwa moyo. Mtu akija kwangu hali majani, na samaki hawa wangekuwa wageni wangu: usipa wa kusaga asubuhi, nyama ya ng'ombe ya kukatakata jioni. Wiki ya tano hivi, mmoja wa wale wenye pua akaanza kunenepa tumbo. Binti akauliza kama ana mimba, nami nikajibu ndiyo, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Kesho yake wa pili akanenepa. Magamba yakaanza kusimama, chakula wakakikataa, wakajibanza kona. Ndani ya siku kumi wote wanne walikuwa wamezikwa chini ya mparachichi. Wale wa njano hawakupiga hata chafya.

Jibu la fumbo hilo lilikuja na gunia la mchele. Shemeji, kaka wa mke wangu, anaishi Matema, ufukweni mwa ziwa, na akipanda Mbeya haji mikono mitupu. Aliingia sebuleni, akaweka mzigo chini, akaliona tangi, akaanza kucheka kabla hata ya salamu kuisha.

"Shemeji, hawa umenunua?"

Nikamweleza habari ya deni la friji.

"Hawa si wa kwenye mawe? Kwetu wakinasa kwenye nyavu tunawatupia watoto wachezee."

Nikamtolea simu nikamwonyesha picha ya marehemu mmoja mwenye pua. Akaishika, akaikuza kwa vidole viwili. "Huyu ndiye tele. Ukipita na mtumbwi kwenda Ikombe, maji yakitulia, unawaona wanasugua mawe chini." Halafu akarudi kwa wale wa njano, akainama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. "Huyu wa njano hivi, hapana. Huyu sijamwona kwetu."

Maneno hayo mawili, "tele" na "sijamwona", ndiyo yaliyonigharimu bando nyingi miezi iliyofuata.

Samaki wangu wa Dubai walikuwa wa Ziwa Nyasa, wote tisa. (Naliita Nyasa kwa kuwa niko upande huu, wa ng'ambo wana jina lao, na sina ugomvi nao.) Mababu zao walitolewa huko, wakaenda kuzalishwa kwenye mabwawa na matangi ya watu wa Florida, Czech na Asia, vizazi kwa vizazi, biashara iliyoanza kushika kasi miaka ya 1960. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba samaki aliyefikia sebuleni kwangu alizunguka nusu ya dunia ili aishi mwendo wa saa chache kutoka mawe ya babu zake. Wenzetu wa Malawi wanawaita mbuna, neno la Kitonga cha huko, na jina hilo sasa linatamkwa na wafugaji wa samaki kila bara. Sisi tunasema "samaki wa mapambo", yaani tumewapa jina la kazi waliyopewa na wengine.

Wote ni ukoo mmoja na perege na sato. Ziwa lina urefu wa kilomita 560 na ushei, kina chake kinafika mita 700 hivi, na ndani yake kuna aina za samaki zinazohesabiwa kwa mamia. Wapo wanaokadiria kukaribia elfu. Karibu wote wa ukoo huo hawapatikani kokote kwingine. Lakini usidhani wametapakaa kila mahali. Chini ya mita 250 hivi hakuna hewa, ni giza na maji mazito yasiyokaliwa na samaki. Katikati ni ya usipa na wale wanaowafukuza usipa. Hawa wa rangi wamejibana ukingoni, kwenye miamba, mahali ambapo jua bado linapenya na mawe yameota utelezi.

Utelezi huo ndio niliousugua kwenye pampu kwa mswaki nikauita uchafu. Kumbe ni chakula. Ni mchanganyiko wa mwani, vijidudu na viluwiluwi vya wadudu, zulia zima linaloota juu ya jiwe, na mwenye pua kaumbwa kwa ajili yake. Utumbo wake ni mrefu, umejikunja mara nyingi kama wa mbuzi, kwa sababu majani hayataki haraka. Mpe nyama kila jioni na utumbo ule unavuruga kila kitu. Tumbo linajaa, basi. Wa njano yeye ni mdokoaji wa wadudu na konokono kwenye nyufa, ndiyo maana alistahimili ukarimu wangu. Niliua samaki wanne kwa kuwakaribisha vizuri.

Wa njano waliobaki wakazaa. Kwanza tuliogopa: jike mmoja aliacha kula, mashavu yakavimba kama mtu aliyejaza kiazi cha moto mdomoni akaona aibu kukitema. Binti akaenda kutazama chini ya mparachichi kama pana nafasi. Jike huyo alikuwa amebeba mayai. Huyataga juu ya jiwe, anayaokota papo hapo kwa mdomo, na dume ana madoa ya njano kwenye pezi la chini yanayofanana na mayai. Jike anapoyadonoa akidhani amesahau mengine, ndipo anapopata mbegu za dume. Sijawahi kusikia ujanja wa namna hiyo. Akakaa hivyo wiki tatu, akitafuna hewa, halafu asubuhi moja vitoto vikamwagika kati ya mawe, kila kimoja sawa na punje ya mchele, macho tu na mkia.

Walipofika kumi na saba na kuanza kukua, tangi likawa kama daladala ya jioni. Hapo ndipo nilipopata wazo lililoonekana zuri kuliko yote niliyopata mwaka ule. Niwarudishe nyumbani.

Tulishuka mwezi wa kumi, kabla mvua hazijakolea. Ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko, matundu niliyotoboa kwa solda, na pampu ya hewa ya volti 5 nimeiunga kwenye pawabenki. Ukitoka Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya bahari. Ziwani ni chini ya 500. Masikio yanaziba Tukuyu, yanazibuka Kyela. Koti nililovaa Isyonje nikalivua Kiwira, sweta nikalivua njia panda ya kwenda Ipinda, na tulipoanza kupita kwenye mikakao nilikuwa na singlendi. Kila kituo nilifungua mfuniko kuchungulia. Mmoja alikufa njiani. Kumi na sita wakafika Matema.

Ukisimama ufukweni Matema ukautazama ukingo wa ziwa, unaona nchi mbili. Mkono wa kulia, kuelekea magharibi, ni tambarare: mito ya Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe imeshusha udongo tangu enzi, ikatengeneza Kyela ya mpunga, na maji ya huko yana mchanga na tope. Mkono wa kushoto Milima ya Livingstone inatumbukia ziwani bila kusita, kana kwamba kuna mtu aliisukuma. Juu kabisa huko, zaidi ya mita 2,600, ndiko Kitulo ya maua, hifadhi ya taifa tangu 2005. Huku chini mlima unaendelea kushuka ndani ya maji vilevile ulivyokuwa ukishuka hewani, majabali juu ya majabali. Ufukwe wa mchanga unaishia mahali ambapo unaweza kupaonyesha kwa kidole. Hatua moja mchanga, hatua ya pili mwamba.

Baba mkwe aliniona na ndoo, nikamwamkia, akaitikia, akauliza nimeleta nini. Nikasema samaki. Alikaa kimya kidogo, kama mtu anayetafakari kama binti yake aliolewa vizuri, halafu akasema, "Samaki. Kutoka Mbeya. Kuja ziwani." Akaenda zake.

Asubuhi shemeji alinipeleka kwa mtumbwi. Nilikuwa na miwani ya kuzamia niliyoipata mtumbani, ya mtoto, inabana mpaka machozi. Tulifunga mtumbwi kwenye jiwe, nikashuka maji ya kifuani, nikainamisha uso.

Niliinua kichwa mara moja. Nilidhani kuna mtu kawasha taa.

Nikainama tena, polepole. Mawe ya ukubwa wa matrekta yamelaliana, jua linapita juu yake kwa mistari inayotikisika, na juu ya kila jiwe kuna watu wenye shughuli zao. Bluu ya samawati, bluu inayokaribia weusi, wenye mistari, wasio na mistari, kahawia, mmoja mwenye paji la rangi ya papai. Na mwenye pua, yule yule, wengi kama alivyosema shemeji, wamejipanga kule juu ambako wimbi linapiga. Sasa nikaona pua ni ya nini. Samaki wengine wanaosugua mawe inawabidi wasimame, kichwa chini, mkia juu, na wimbi likija linawayumbisha. Huyu analala sambamba na jiwe kabisa, tumbo karibu liguse, anakandamiza pua, mdomo wa chini unakwangua. Kwangu, kwangu, kwangu. Ni mkono wa mama anayekwangua ukoko wa wali kwenye sufuria, na pua ndiyo kidole gumba. Wimbi likija hashtuki. Amelala chini yake.

Majike wengi ni wa kahawia, hawaonekani. Ila mmoja alikuwa wa rangi ya chungwa aliyemwagiwa madoa meusi bila mpango, kama ukuta wa gereji. Hiyo nayo nimekuja kuisoma: ni rangi inayoambatana na majike, inarithiwa pamoja na kile kinachoamua mtoto awe jike, na dume wa namna hiyo ni adimu.

Dume mmoja nilimfuatilia mpaka vidole vikakunjamana. Alikuwa na jiwe lake, la ukubwa wa meza yangu ya kazi. Utelezi juu ya jiwe hilo ulikuwa mrefu, wa kijani kibichi, na mpaka wake ulionekana wazi kabisa, kama shamba la mtu mkorofi. Kwa sababu anamfukuza kila anayekuja kula, majani yanamea. Akija jike, anabadilika, anatetemeka mwili mzima, anamwonyesha njia ya pangoni. Akija mwanamume mwingine, hakuna maongezi.

"Mwachie mmoja tuone," shemeji akasema kutoka mtumbwini.

Nikasita. Nikachukua kopo la siagi ya karanga, lile la plastiki angavu, nikaingiza mtoto mmoja wa njano na maji yake, nikafunga, nikaliteremsha mpaka kwenye shamba la yule bwana. Hakuchukua hata sekunde tano. Tok. Nililisikia kwa vidole kabla ya masikio. Tok, tok. Alirudi nyuma, akafungua mapezi yote, akaja tena kwa ubavu. Wakaja na majirani kutazama. Ndani ya kopo mtoto wangu wa Mwanjelwa alikuwa amepauka, njano imekwisha, amejibanza kwenye pembe ambayo haipo, maana kopo ni la duara.

Nikampandisha juu. Shemeji akaangalia kopo, akaangalia ziwa. "Kwani ziwa si moja?"

Ziwa ni moja kama mlima ule ulivyo mmoja. Juu wako Wakinga, chini majini Wakisi, na ukivuka kuja tambarare uko kwa Wanyakyusa. Mguu wa siku moja, lugha tatu. Tofauti ni kwamba sisi tunaoana, na shemeji ni ushahidi. Samaki wa mawe havuki mchanga. Akiacha nyufa zake hana pa kujificha, na juu kuna mnandi na furukombe, na fisi maji naye yupo. Basi ghuba la mchanga ambalo wewe ungelivuka kwa kuogelea kwake ni bahari. Anazaliwa kwenye mwamba huu, kinywani mwa mama yake, bila hata kile kipindi cha yai kuelea na maji kama samaki wa baharini, na atafia kwenye mwamba huu. Miamba miwili isiyofika kilomita kati yake inaweza kuwa na aina moja yenye mavazi mawili. Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya na Marekani hutaja samaki kwa jina la kijiji. Ukiingia kwenye mabaraza yao mtandaoni utakuta mtu wa mji wenye theluji anabishana kuhusu "Hongi", kisiwa chetu kidogo huko kusini karibu na Liuli, na ana hasira nacho kama tunavyobishana sisi kuhusu Simba na Yanga.

Hata huyu wa njano ni wa namna hiyo. Geoffrey Fryer alipompa jina la kitaalamu mwaka 1956 alimwita caeruleus, yaani wa bluu, kwa sababu aliyekuwa mkononi mwake alikuwa mweupe wa kuelekea bluu, na ndivyo walivyo sehemu nyingi. Njano hii ya ndizi inapatikana kwenye kipande kifupi tu cha mwambao wa Malawi, kaskazini ya Nkhata Bay. Kipande hicho kikaijaza dunia. Na mwenye pua anaitwa fuelleborni, kutokana na Friedrich Fülleborn, daktari Mjerumani aliyezunguka upande wetu mwishoni mwa karne ya 19. Kituo cha Wajerumani kilikuwa Langenburg, ufukweni huku chini ya milima; walipohamia juu wakaita Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu. Samaki walisafirishwa Berlin, na mwaka 1926 Ernst Ahl akawaandikia jina. Kwa kifupi, yule niliyemuua kwa nyama ya ng'ombe kwa kitaalamu ni mzawa wa mwambao wetu kuliko mimi, maana babu yangu alihamia.

Hayo ya mwisho niliyasoma usiku, kitandani kwa wakwe, bando la usiku, mbu wakinisomea begani. Na nikasoma jambo ambalo lilinifanya nikae kitako.

Karibu na Cape Maclear, kusini ya Malawi, kuna kisiwa kidogo, Thumbi West. Kimo ndani ya hifadhi ya taifa ya ziwa lile, iliyoanzishwa 1980 na kuingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 1984. Wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walikuwa wamemwaga hapo samaki kutoka sehemu nyingine za ziwa hilohilo, ili wawavue karibu badala ya kusafiri mbali. Hawakufa. Walishika mawe, wakazaana, miongo imepita na bado wapo, na baadhi wamechanganyika na wenyeji wakazaa watoto ambao si wa huku wala si wa kule.

Mchana kutwa hofu yangu ilikuwa kwamba wanangu wangepigwa mpaka wafe. Sikuwa nimefikiria kwamba wanaweza kupona. Kumi na sita, wa njano, wagumu, wasiochagua chakula, waliozaliwa tangini vizazi sijui vingapi, damu yao imechanganywa na muuzaji gani sijui. Jike wa mawe yale huchagua mume kwa macho. Rangi ndiyo kitambulisho. Ziwa Victoria lilishatuonyesha: furu wa kule, samaki wadogo wa ukoo huuhuu, ambao tayari sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 aliwamaliza wengi, maji yalipochafuka na macho yakashindwa kutofautisha rangi, aina zilianza kurudiana. Huku kwetu tope la mito liko mkono wa kulia, na mteremko wa milima mkono wa kushoto unalimwa mihogo mpaka mahali ambapo mbuzi anashikilia. Wana matatizo ya kutosha bila ndoo yangu.

Mawe yenyewe si ya jana. Zaidi ya miaka 70,000 iliyopita ukame uliwahi kulishusha ziwa hili kwa mamia ya mita, ukingo ukahama, kisha maji yakapanda tena na samaki wakashika miamba mipya iliyozama. Yote niliyoyaona asubuhi ile, mavazi yote yale, yamefumwa jiwe kwa jiwe na majike wanaochagua. Nikazima simu. Pawabenki ilibaki asilimia thelathini, na pampu bado ilikuwa ikivuma kwenye kona.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio la vyungu Lyulilo. Wanawake wa Kikisi walikuwa wameshuka kutoka Ikombe na mitumbwi imejaa, vyungu vyekundu vyenye nakshi nyeupe vimepangwa kwenye majani kama mayai. Nilinunua kimoja cha kupikia maharage kumtuliza mke wangu. Bibi aliyeniuzia aliona ndoo, akataka kujua. Nikafungua. Alitazama, akaita mwenzake kwa Kikisi, wakaja watatu, wakacheka, wakasema jambo refu.

"Wanasemaje?" nikamuuliza shemeji.

"Wanauliza kama umekuja kuwaonyesha samaki ziwa halafu unarudi nao."

"Waambie ndiyo."

Akawaambia. Bibi akanipunguzia mia tano.

Shemeji hakuniridhia. Mpaka kituoni alikuwa bado ananiambia samaki ni samaki, na kwamba angewaachia mwenyewe nikigeuza mgongo, ndiyo maana sikumwachia ndoo hata alipotaka kunisaidia kubeba. Tuliagana vizuri. Ndaga fijo, asante sana, shemeji, najua unasoma hii.

Konda wa gari la Ipinda hakutaka kunipakia. Samaki wabichi hawapandi ndani, maji yananuka, abiria watalalamika, waende juu kwenye keria na mikungu ya ndizi. Nikamwambia hawa ni wazima. Hakuelewa. Nikafungua mfuniko. Akaingiza kichwa, akakaa hivyo, dereva akapiga honi mara mbili.

"Wazuri jamani. Hawa wa wapi?"

"Wa Mwanjelwa."

"Mwanjelwa?"

"Walikuja kutembea."

Alinitazama kwa muda, kisha akamwinua kijana mmoja kwenye kiti cha mbele. "Kaa hapa. Nyuma kuna kuku." Akanitoza nauli ya mtu mmoja na nusu.

Tukuyu ilikuwa inanyesha. Isyonje ukungu ulishuka mpaka kwenye vioo, nikaingiza kidole majini nikaona yamepoa mno, nikaizungushia ndoo lile koti langu na kitenge alichoniazima mama wa kiti cha pili, mwenye mtoto mgongoni. Pawabenki ilizimika Uyole. Kutoka pale mpaka nyumbani nilikuwa nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, nachota na kumwaga, ili yapate hewa, na yule mtoto wa mgongoni aliamka akawa anatazama.